Mratibu mmoja abebe jozi ngapi za menta na mtoto? Bodi inataka tuongeze bila kuajiri

mratibu_kazini aliandika:

Wakuu, salaam. Naomba maarifa kwa walio ndani ya kazi hii.

Asasi inawapatia watoto wa miaka 9 hadi 14 walio katika mazingira hatarishi menta wa kujitolea, yaani mtu mzima wa kuwa naye karibu na kumwongoza, mtoto mmoja menta mmoja. Makubaliano ni kukutana kwa muda wa saa 2 kila wiki kwa mwaka mzima angalau. Jozi zilizo hai ni 96. Watumishi wa kulipwa ni 4: mkurugenzi, mtu wa usajili na usaili, na waratibu 2 wa kufuatilia jozi, yaani 48 kila mmoja. Bodi imepitisha mpango wa kufika jozi 160 mwaka ujao kwa waratibu haohao. Hoja yao ni kwamba menta halipwi, kwa hiyo kumwongeza hakugharimu kitu.

Kwenye daftari la ufuatiliaji, menta wengi wanaoacha wanaacha kati ya mwezi wa 2 na wa 5. Sababu zinazoandikwa ni "kazi zimembana", "amehama", "mtoto hana mwitikio".

Ninachouliza: mratibu mmoja anaweza kubeba jozi ngapi kwa haki? Simu ya ufuatiliaji iulize nini hasa? Na ikipatikana fedha ya nafasi moja tu, aajiriwe mratibu au menta wa kulipwa? La mwisho, mratibu 1 anaondoka baada ya wiki 5. Jozi zake 48 zikabidhiwe vipi?

---

hesabu_za_asasi alijibu:

Karibu mkuu. Swali la jozi ngapi halijibiki mpaka uligeuze liwe la saa, na bodi nayo inaelewa saa kuliko inavyoelewa huruma.

Jozi iliyotulia inakula hivi kwa mwezi: kuongea na menta dakika 20, na mtoto 15, na mzazi au anayemlea mtoto 15, kuandika 20, na dakika nyingine 20 za kumtafuta mtu asiyepokea simu. Hii ya mwisho huwa haiandikwi kwenye mpango wowote wa kazi na ndiyo inayomaliza siku. Jumla saa 1 na nusu. Jozi mpya, yaani ya miezi 3 ya kwanza, hesabu saa 3 kwa sababu unawasiliana nayo mara mbili zaidi na kuna kikao cha kuwatambulisha. Jozi yenye dharura (mtoto ametoroka nyumbani, mzazi amekamatwa, menta anatuhumiwa jambo) inakula saa 6 hadi 8, wakati mwingine ndani ya siku 3.

Mwezi wa kazi una saa kama 160. Toa asilimia 40 kwa ajili ya vikao, ripoti za wafadhili, mafunzo, likizo na ugonjwa. Zinabaki 96. Sasa panga: jozi mpya 12 ni saa 36, zilizotulia 30 ni saa 45, za dharura 2 ni saa 14. Jumla saa 95, jozi 44. Kwa hiyo kwenye 48 tayari mmezidisha kidogo.

Kwenye 160 kila mratibu atakuwa na 80. Kutoka 96 kwenda 160 ni jozi 64 zaidi, na ukichukulia 30 zitavunjika na kuhitaji mbadala, mnatengeneza jozi mpya 94 kwa mwaka, karibu 8 kila mwezi. Maana yake wakati wowote kuna jozi 24 zilizo ndani ya miezi 3 ya kwanza, 12 kwa kila mratibu. Saa 36 za mpya, 99 za zilizotulia 66, 14 za dharura: 149. Yeye ana 96. Kwa wote wawili inahitajika kazi ya saa 298, gawanya kwa 96 unapata 3.1. Hapo waratibu 3 ni kuponea chupuchupu, 4 ndio kazi yenye afya. Ipelekee bodi karatasi hiyo moja, na waambie waonyeshe dakika zipi wanataka zikatwe.

Watakwambia "wafanye haraka". Jibu lake ni kwamba mratibu aliyezidiwa hapunguzi kila kitu sawasawa. Anaanza kukata simu ya mtoto, kwa sababu mtoto halalamiki. Anafuata ya mzazi. Mwishowe anabaki na ujumbe mfupi kwa menta, "mambo vipi huko?", na faili linajaa "jozi inaendelea vizuri" miezi 4 mfululizo, mwezi wa 5 limeandikwa "imefungwa". Ukikuta faili la namna hiyo usimlaumu menta kwanza.

Usimsahau mtu wa usajili. Kila mwombaji anahitaji usaili wa dakika 60 hadi 90, kuongea kwa sauti na wadhamini 3 (barua pekee haitoshi), uchunguzi wa kumbukumbu za jinai na mafunzo. Weka saa 5 kwa kichwa. Kama nusu ya waombaji ndio wanaofika mwisho, jozi 94 ni waombaji 188, karibu 16 kwa mwezi, saa 80. Naye anajaa, na akijaa atalegeza usaili. Hapo hatari haiwi tena ya ratiba.

---

ulinzi_kwanza alijibu:

Hesabu nzuri ndugu, ila dakika 20 za kuandika zinatosha jozi tulivu tu. Ikitajwa hofu yoyote kuhusu usalama wa mtoto, kuandika peke yake ni saa nzima, na hakuna njia ya mkato.

Kuhusu simu ya ufuatiliaji. Kiwango kinachotumiwa sana ni kile cha taasisi ya MENTOR ya Marekani: mawasiliano mara 2 mwezi wa kwanza, kisha mara 1 kila mwezi, kwa menta na kwa mtoto. Hicho ni kiwango cha chini. Kwa watoto wa mazingira magumu fanya kila wiki mbili hadi mwezi wa 6, maana mnaangukia hapohapo kati ya mwezi wa 2 na wa 5.

Kinachotokea kipindi hicho kinajulikana. Wiki za mwanzo mtoto ana adabu na menta ana ari. Kufikia wiki ya 6 hivi mtoto anaanza kupima: anachelewa, hajibu, anasema hataki kwenda, anavunja ahadi aone mtu huyu atafanya nini. Mtoto aliyewahi kuachwa na watu wazima ana sababu nzuri ya kupima. Menta asiyeambiwa mapema anasoma ukimya huo kama kukataliwa, anaanza kuahirisha, na kila kuahirisha kunampa mtoto jibu alilokuwa anaogopa. Hiyo "mtoto hana mwitikio" kwenye daftari lako, mara nyingi tafsiri yake ni kwamba menta hakuandaliwa kwa wiki ya 6. Liseme jambo hili kwenye mafunzo kwa maneno hayohayo, kisha mratibu apige simu wiki ya 5 makusudi, kabla halijaanza.

Swali la "mambo yanaendaje?" lina jibu moja duniani kote: vizuri. Uliza vitu vyenye tarehe na kitendo. Mlikutana lini mara ya mwisho? Nani alichagua cha kufanya? Mlikaa dakika ngapi kabla mtoto hajaanza kuongea? Mkutano uliovunjika, nani aliuvunja na nani alitoa taarifa? Mara ijayo ni lini, na mtoto anaijua hiyo tarehe? Jibu la swali la mwisho likiwa "tutapanga", jozi hiyo iwekee alama ya njano siku hiyohiyo.

Kwa mtoto, swali lilelile linabadilika sura: "Mlifanya nini siku ile? Kuna kitu ulitaka mfanye hamkufanya? Kuna siku ulijisikia vibaya mkiwa pamoja? Kuna jambo umeambiwa usimwambie mtu?" Ongea naye peke yake. Ukimpigia kwa simu ya mama yake, spika imewashwa na mama yuko pembeni, hapo umeongea na mama. Angalau mara 1 kila miezi 3 mwone ana kwa ana mahali ambapo watu wanawaona lakini hawawasikii.

Mratibu asikilize haya kwa masikio mawili: zawadi zinazokuja nje ya utaratibu, mikutano isiyo kwenye ratiba, ujumbe wa usiku, akaunti ya pili ya mtandao, picha za mtoto kwenye simu ya menta, menta kutaka kuwa na mtoto mahali pasipo na mtu, au kumtetea mtoto dhidi ya mzazi kwa namna inayowatenga. Kimoja peke yake kinaweza kuwa uzembe, na hurekebishwa kwa maandishi. Viwili pamoja, simamisha mikutano siku hiyo na upeleke suala kwa mhusika wa ulinzi wa mtoto, yaani mtu aliyeteuliwa kushughulikia usalama wa watoto. Mratibu asianze kuchunguza mwenyewe, kwa sababu akimhoji menta kabla ya vyombo vinavyohusika ataharibu ushahidi na atampa mtuhumiwa muda wa kumtisha mtoto.

Mtoto akifunguka kwamba anafanyiwa ukatili, awe amemwambia menta au mratibu, hatua ni zilezile. Msikilize hadi mwisho. Usimwahidi siri, mwambie utawaambia watu wachache ambao kazi yao ni kumlinda. Usimuulize maswali yenye majibu ndani, kama "ni baba, sivyo?" Maneno yake yaandike kama alivyoyatamka, hata kama ni machafu au hayana mpangilio, ukiweka saa, mahali na nani alikuwepo. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa njia ambayo sheria ya nchi yenu inaagiza. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 19, unazitaka serikali zimlinde mtoto dhidi ya ukatili akiwa mikononi mwa wazazi au yeyote anayemtunza, na nchi nyingi zina sheria za kutekeleza hilo. Mratibu asiyeijua sheria ya kwao kwa kichwa hajawa tayari kupewa jozi.

Halafu kuna jambo watu hulipita haraka: mtoto mwenyewe awe na namba ya mhusika wa ulinzi. Kuwaachia namba hiyo mzazi na menta peke yao ni kuwapa ufunguo watu walewale ambao siku moja anaweza kuwa anawalalamikia.

---

tathmini_bila_upendeleo alijibu:

Nijibu la mratibu au menta wa kulipwa, kwa sababu kuna ushahidi na watu hunukuu nusu yake tu.

Utafiti unaotajwa sana ni ule wa mwaka 1995 wa programu ya Big Brothers Big Sisters, Marekani. Vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, kwenye matawi 8, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa menta, wengine wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Baada ya miezi 18 waliopata menta walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 46 wa kuanza kutumia dawa za kulevya, na asilimia 27 kuanza pombe. Hizo ndizo namba zinazopendwa kwenye maandiko ya kuomba ufadhili.

Nusu ya pili ilikuja mwaka 2002, Jean Grossman na Jean Rhodes walipozipitia upya takwimu hizohizo wakiangalia muda ambao kila jozi ilidumu. Waliodumu mwaka au zaidi ndio waliovuna faida nyingi. Ambao jozi zao zilivunjika ndani ya miezi 3 ya kwanza walirudi nyuma katika kujithamini na katika kujiona wanaweza masomo. Menta wa miezi miwili anaweza kuwa na madhara kuliko kutokuwa na menta kabisa. Kwa hiyo bodi inapouliza mafanikio, usipeleke idadi ya jozi zilizoanzishwa. Peleka asilimia ya jozi zilizofika miezi 12, na idadi ya zilizovunjika kabla ya mwezi wa 3. Bodi iliyopitisha jozi 160 kwa waratibu 2 imepitisha, bila kujua, kuongeza hesabu hiyo ya pili.

Uchambuzi huohuo ulionyesha nani yuko hatarini zaidi kuvunjika: jozi za vijana wa miaka 13 hadi 16, watoto waliowahi kudhulumiwa, na menta wenye ndoa wa miaka 26 hadi 30, umri ambao majukumu ya nyumbani yanaanza kupanda. Hakuna anayesema muwakatae. Mratibu awape simu zaidi, na kwenye usaili waulizwe bila aibu: ukipata mtoto mwaka huu, saa 2 za kila wiki zitatoka wapi?

Sasa menta wa kulipwa. Friends of the Children, iliyoanzishwa Portland, Oregon, mwaka 1993, inaajiri menta kama kazi ya kudumu. Kila mmoja ana watoto wachache, na ahadi kwa mtoto ni ya miaka 12 na zaidi, kuanzia chekechea hadi amalize sekondari. Huwachukua watoto ambao hali zao ni ngumu kiasi kwamba mtu wa saa 2 kwa wiki hawezi. Mfumo huo una mantiki kamili, ila tazama hesabu: nafasi moja inahudumia watoto wasiozidi kumi hivi. Nafasi hiyohiyo ukiifanya ya uratibu inazuia jozi 40 zisiporomoke. Kwa hali uliyoieleza, ajiri mratibu. Ningebadili mawazo kama kati ya watoto 96 kuna kundi, tuseme 8, ambao wameshapoteza menta 2 kila mmoja. Hao kuwapa mjitoleaji wa tatu ni kuwafundisha kutoamini mtu. Watafutiwe mtumishi au wapelekwe kwa rufaa kwenye huduma nzito zaidi, na asasi iseme wazi haina uwezo.

Nia njema pekee haitoshi hapa. Mradi wa Cambridge-Somerville, Massachusetts, uliendeshwa 1939 hadi 1945 kwa wavulana 506, nusu yao wakiwa na washauri waliowatembelea nyumbani, kuwasaidia masomo na kuwapeleka kambini. Washauri kadhaa waliondoka katikati, vita ikiwa sababu mojawapo. Mtafiti Joan McCord aliwafuatilia miaka 30 baadaye, akachapisha mwaka 1978: waliosaidiwa hawakuwa bora, na kwa vipimo kadhaa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiosaidiwa, huku wengi wao wakisema kwamba programu iliwafaa. Uchambuzi wake wa baadaye ulikuta madhara yamejikusanya kwa wale waliopelekwa kwenye kambi za kiangazi zaidi ya mara moja. Tafsiri inayotajwa sana ni kwamba vijana wakorofi wakiwekwa pamoja bila usimamizi wa karibu hufundishana na kusifiana ukorofi.

Kwa mtumishi wa leo funzo ni la ratiba: bodi ikitaka kufidia upungufu wa menta kwa kukusanya watoto 20 ukumbini kila Jumamosi na mtu mzima mmoja, pinga. Kundi la watoto 4 hadi 6 na watu wazima 2, lenye kazi ya mikono ya kufanya na muda wa kuanza na kuisha, hilo linaendesheka.

Na kuridhika kwa washiriki kusiwe kipimo chenu cha pekee. Wale wavulana wa 1939 waliridhika.

---

nyuma_ya_faili alijibu:

Nimekuja kwa la makabidhiano tu, wenzangu wamemaliza mengine.

Wiki 5 zinatosha kama zinaanza leo. Kosa la kawaida ni kuweka makabidhiano wiki ya mwisho, mtu anahamisha mafaili na kuagana. Faili halina vitu ambavyo mratibu anavijua kichwani: mama fulani hapokei namba asiyoijua, bibi wa mtoto ndiye mwenye uamuzi ingawa aliyesaini fomu ya ridhaa ni mjomba, menta fulani ukimpigia asubuhi anakwambia ukweli na jioni anakwambia vizuri. Hivyo vyote viandikwe sentensi 3 kwa kila jozi, ukurasa wa mbele wa faili. Jozi 48 kwa dakika 15 ni saa 12, zitengwe kwenye kalenda wiki 2 za kwanza.

Wiki ya 1 azigawe jozi kwa rangi. Nyekundu ni zenye suala la usalama au zilizo karibu kuvunjika. Njano ni mpya na zilizoonyesha dalili. Kijani zimetulia. Nyekundu hazikabidhiwi kwa karatasi. Wanaketi watatu, anayeondoka, anayepokea na mhusika wa ulinzi, wanapitia moja baada ya nyingine. Njano zinapigiwa simu ya pamoja, mratibu wa zamani anamtambulisha mpya kwa menta na kwa mzazi. Kijani ujumbe unatosha, ila mtoto aambiwe kwa sauti, si kwa ujumbe.

Wakati wa makabidhiano msianzishe jozi mpya hata moja. Hili bodi hawalipendi. Jozi mpya inayoanza mratibu akiwa mlangoni inakosa zile simu za wiki ya 2 na ya 5, na mwezi wa 3 mtaikuta kwenye daftari la waliovunjika.

Mratibu aliyebaki asimezeshwe zote 48. Kwa hesabu ya mwenzetu hapo juu hana nafasi ya hata 1. Nyekundu na njano achukue yeye, na ili azibebe, jozi zake mwenyewe za kijani zishikwe kwa muda na mtu wa usajili pamoja na kijani za anayeondoka. Usajili usimame miezi 2. Mkurugenzi naye achukue 5, itamsaidia kuandika ripoti zenye ukweli.

Vitu vidogo vinavyosahaulika: namba ya simu ya kazi ibaki ofisini, kwa sababu watoto wameikariri. Nywila zibadilishwe siku anayoondoka. Picha na majina ya watoto kwenye simu yake binafsi yafutwe mbele ya shahidi, na kifutwacho kiorodheshwe.

Menta anayeacha naye ana utaratibu wake. Mpeni mkutano wa mwisho wenye tarehe, mtoto aijue wiki 2 au 3 kabla. Menta aseme sababu ya kweli kwa lugha ya mtoto na aseme wazi kwamba mtoto si chanzo. Asiahidi "nitakuja kukuona" kama hana tarehe. Mtoto atasubiri kila wikendi. Mratibu amwone mtoto ndani ya siku 7 baada ya hapo, na menta mpya asiletwe wiki inayofuata kana kwamba ni kubadilisha balbu. Menta akitoweka bila kuaga, mratibu afanye kikao cha kufunga yeye mwenyewe na mtoto. Faili lisifungwe kimyakimya.

---

mratibu_kazini aliandika:

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Mawili madogo. Kuna mjumbe wa bodi anapendekeza kundi moja la WhatsApp la menta wote lichukue nafasi ya simu za kila mwezi. Na je, kuna namna ya kumzuia mratibu anayebaki naye asiondoke? Dalili zipo.

---

ulinzi_kwanza alijibu:

Kundi lisichukue nafasi ya simu. Menta 96 kwenye kundi moja hawatasema "mtoto wangu anaiba" mbele ya watu 95, na wakisema, umevujisha habari za mtoto. Litumike kwa ratiba na matangazo, na kanuni ya kwanza iwe hakuna jina, picha wala kisa cha mtoto. Kinachofanya kazi ni kikao cha menta 6 hadi 8 kila miezi 2, dakika 90, mratibu akiongoza, visa vikielezwa bila majina. Humo menta anagundua kwamba ukimya wa wiki ya 6 haukumpata yeye peke yake. Kinapunguza simu za dharura, simu ya mwezi inabaki palepale.

---

nyuma_ya_faili alijibu:

Kuhusu anayebaki: muulize kwanza simu yake inalia saa ngapi usiku. Waratibu wengi huchoshwa na kutokuwa na saa ya kufunga, watoto wenyewe si mzigo mkubwa hivyo. Weka zamu ya simu ya dharura kwa watumishi wote 4, mkurugenzi akiwemo, wiki moja moja, na anayetoka zamu apewe nusu siku. Namba binafsi isitolewe kwa mzazi wala menta.

Apate saa 1 kila mwezi ya kusimamiwa kitaalamu, tofauti na kikao cha utendaji. Kikao cha utendaji kinauliza ripoti iko wapi. Hiki kinauliza kisa kipi kinamrudia usiku, uamuzi gani anaujutia, jozi ipi anaikwepa kupigia. Ukimsikia anamzungumzia mtoto kwa dharau, au anasema "hata nikifanya nini", au ameanza kumlipia mtoto mahitaji kutoka mfukoni mwake, usisubiri kikao kijacho. Mpunguzie jozi 10 mwezi huo, za njano kwanza, na ikibidi mtoe kabisa kwenye kesi moja inayomla.

Na apewe mamlaka ya kusema hapana kwa jozi mpya akishafika kikomo, maandishi yawepo, bodi isaini. Mkimwongezea moja juu ya hapo, mwenye kuomba aonyeshe ni ipi inapungua.